Pumzi Moja Mlangoni: Kisa cha Mama Pacha

Jumanne, saa moja kasoro robo jioni. Mama Pacha ameketi kwenye kochi anakunja nguo za watoto. Mlango unafunguliwa, mumewe anaingia, anaegemeza mkoba ukutani, anainama kuvua viatu, na kabla hajasema lolote anashusha pumzi. Ni pumzi ndefu ya puani, labda sekunde tatu.

"Nimekosa nini tena?"

Hilo ndilo neno la kwanza kusemwa jioni ile. Baba Pacha, ambaye hata hajamtazama mkewe sawasawa, anajibu, "Kwani nimesema umekosa?" Sauti yake ina ukali wa mtu aliyeonewa. Dakika kumi baadaye wanabishana kuhusu jambo la mwaka juzi.

Yote haya ni mambo ya kawaida ya nyumba. Kilichomleta Mama Pacha kwangu ni kitu kidogo zaidi. Mmoja wa wale pacha, wana miaka tisa, alikuwa ameshazima televisheni. Alipojaribu kukumbuka mtoto aliizima wakati gani, mama aligundua ilikuwa kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Mtoto alisikia pumzi ya baba yake, akanyoosha mkono kwenye rimoti, akazima, akatulia.

"Hapo ndipo nilipoogopa, dada," aliniambia. "Mimi nina ugonjwa wangu, sawa. Huyu ameutoa wapi?"

Mhusika huyu nimemsuka kutokana na watu kadhaa niliokaa nao kwenye kazi ya ushauri nasaha, ili asitambulike yeyote. Mwendo wa kisa chenyewe nimeuona zaidi ya mara moja.

Kila mmoja alikuja na maelezo yake. Baba Pacha alisema mkewe ni mkali, ndiyo tabia yake. Mama Pacha alisema mumewe anamdharau: akikanyaga tu mlangoni anaonyesha kuchoshwa naye. Maelezo yote mawili yalikuwa na tundu moja. Hayakueleza kwa nini ugomvi ulikuwa unaanzia mlangoni. Siku za mapumziko, wakiwa pamoja kutwa nzima, walikaa vizuri. Hata walipopeana habari mbaya za fedha walizungumza kama watu wazima. Sasa ukali gani huo unaotazama saa?

Kabla ya kwenda mbele nilikaa na Mama Pacha peke yake nikamuuliza waziwazi. Anakupiga? Anakutisha? Anakuzuia kutoka, kushika fedha zako, kuongea na ndugu zako? Maswali haya simruki mtu yeyote. Mwili unaoshtuka kwa sababu hatari ipo leo haufundishwi kutulia. Unasaidiwa kutoka hatarini. Alijibu hapana kwa kila moja, bila kusita na bila kumtetea mume kupita kiasi. Ndipo tukaendelea.

Nilimpa daftari. Kila akishtuka aandike mambo matatu: sekunde chache kabla, masikio na macho yalipokea nini; mwili ulifanya nini, na ni sentensi gani ilimjia. La kwanza nililikazia sana, maana ndilo watu wanalolikosea. Mtu huandika "alinidharau". Dharau haina mlio wala rangi. Sikio lilisikia nini hasa?

Siku ya nne aliandika: "Ameingia, ameshusha pumzi. Tumbo limekaza chini ya kitovu, mabega yamepanda, mikono baridi. Sentensi: nimeshaharibu." Siku ya saba: "Simu. Dada yangu anasimulia habari za kazini kwake, akashusha pumzi. Tumbo lile lile. Sentensi: amenichoka." Siku ya tisa kuna mstari alioutilia alama za kuuliza mwenyewe: "Mlango wa basi umefunguka. Mabega??"

Milango ya mabasi mengi huendeshwa kwa hewa iliyobanwa, na ikifunguka hewa hiyo hutoka kwa mlio wa pssss. Miaka yote hiyo Mama Pacha alikuwa akidhani kwamba anachukia foleni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii huwa tunaitumia kumcheka mwoga, lakini mimi naiona kuwa maelezo sahihi kabisa ya jinsi kichocheo, yaani kile kinachoushtua mwili, kinavyofanya kazi. Ung'ongo hauna meno wala sumu. Unafanana na nyoka kwa umbo tu, na mwili hauhitaji zaidi ya umbo. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliliona jambo hilo hilo kwa mbwa wake: aliyezoeshwa mlio mmoja alidondokwa na mate hata kwa mlio mwingine unaokaribiana nao. Dada yake Mama Pacha, ambaye hajawahi kumkosea, na basi, ambalo halina habari naye, wote walikuwa ung'ongo.

Kwa nini mwili unatangulia? Sauti ikiingia sikioni hufuata njia mbili. Moja ni ndefu, inapanda hadi tabaka la juu la ubongo, huko tunakotambua kwamba hii ni pumzi, ni ya mume wangu, naye ametoka kazini. Nyingine ni ya mkato, inaishia kwenye amigdala, vifundo viwili vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa ubongo. Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo, aliifuatilia njia hiyo ya mkato kwa panya katika miaka ya 1980. Habari inayopita huko ni ya harakaharaka na haina maelezo mengi, kama mtu anayepiga kelele "Nyoka!" kabla hajatazama vizuri. Adrenalini inamwagwa, moyo unaongeza mwendo, damu inapunguzwa kwenye ngozi na matumbo ili iende kwenye misuli mikubwa. Ndiyo ile mikono baridi na lile tumbo la kwenye daftari. Homoni ya kotisoli hufuata kwa mwendo wake wa polepole, na kilele chake huja kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko. Ukibishana na mtu dakika ya kumi, unabishana na mwili ambao bado unapanda mlima.

Nilipomuuliza ni pumzi ya nani aliyoisikia kwanza, hakufikiri hata kidogo. Ya mama yake.

Mama yake hakuwa mkatili; hakumpiga, hakumtukana. Alikuwa akirudi nyumbani, anaketi, anashusha pumzi moja, kisha ananyamaza siku mbili au tatu. Salamu haiitikiwi. Chakula kinatengwa bila neno. Mtoto wa miaka saba hana namna ya kujua kwamba mtu mzima anaweza kuelemewa na mambo yasiyomhusu yeye. Akatafuta kosa lake. Alipolikosa, akaunda. Na akagundua dawa: akiwahi kuuliza "Mama, nimekosa nini?" mara moja, kabla kimya hakijaganda, mara nyingine mama alijibu. Swali lile la mlangoni, lililomkera Baba Pacha kwa miaka kumi na moja, lilikuwa akili ya mtoto mdogo aliyejifunza kuufungua mlango kabla haujafungwa. Kwa nyumba ile lilikuwa swali zuri.

Haya yote tuliyajua kufikia kikao cha pili. Mama Pacha alilia, akacheka, akasema sasa ameelewa. Wiki iliyofuata waligombana mara tatu, vile vile, mlangoni.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo vitabu vingi vya kujisaidia huishia. Ukijua chanzo umepona, wanatuambia. Hapana. Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alieleza habari za mgonjwa wake, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Kila siku ilibidi Claparède ajitambulishe upya. Siku moja alificha pini mkononi, akampa mkono, akamchoma. Baadaye mwanamke yule, ambaye hakumkumbuka daktari wala pini, alikataa kumpa mkono. Hakuweza kusema kwa nini. Mkono ulijua, yeye hakujua. Mama Pacha alikuwa upande wa pili wa kioo: yeye alijua, tumbo halikuwa na habari. Ni hazina mbili tofauti za kumbukumbu, na kuijaza moja hakuijazi nyingine.

Basi nikaenda kwenye mwili, na nikakosea vibaya.

Nilifanya ninachofanya na karibu kila mtu. Vuta pumzi kawaida, itoe taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Sababu yake ni ya kweli: tunapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huubana moyo breki kidogo, mapigo yakapungua, ukirefusha kutoa pumzi unairefusha breki. Kwa pumzi ya kwanza aliduwaa. Ya pili, ngumi zikafumba. Ya tatu akafungua macho, uso umebadilika, akaniuliza, "Dada, nimekuudhi?"

Nilikuwa nimekaa mbele yake, nashusha pumzi ndefu moja baada ya nyingine ili anifuate.

Daftari lilikuwa juu ya meza, wazi, limeandikwa pumzi, pumzi, pumzi. Nilikuwa nimelisoma na sikuwa nimelisikia. Nilimwomba radhi na tulicheka wote wawili, lakini nalitaja hapa kwa sababu mazoezi ya kutuliza hugawiwa siku hizi kama vidonge vya maumivu ya kichwa, dozi moja kwa wote. Kwa aliyewahi kukabwa, kuambiwa aisikilize pumzi yake kunaweza kuwa ndicho kichocheo chenyewe. Kwa mwingine ni kufumba macho, kwa mwingine kulala chali. Muulize mtu kwanza.

Tulipata kingine. Alikuwa akikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili kwa nguvu, akigeuza shingo polepole na kutaja kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona. Na alivumisha sauti mdomo ukiwa umefumba, mmmm, kama mama anayembembeleza mtoto. Kuvumisha ni kutoa pumzi ndefu vilevile, ila masikioni haifanani na ile ya mlangoni. Breki ile ile, mlio tofauti.

Hayo yalimsaidia kusimama. Hayakubadilisha matarajio yake, na kwa maoni yangu kichocheo ni matarajio kabla ya kuwa hisia. Nikamwambia ayaandike kama mtu anayeweka dau: pumzi ikishuka, kitatokea nini, baada ya muda gani, na una uhakika kiasi gani? Aliandika: "Ndani ya dakika tano atanilaumu, au atanyamaza mpaka kesho. Uhakika: tisa kati ya kumi."

Kisha nikamwomba asiulize swali. Kwa wiki mbili, pumzi ikishuka akanyage sakafu, avumishe, asubiri dakika tano, aone.

Alikataa. Alisema afadhali nimwombe asipepese macho. Tulibishana kidogo juu ya hilo, na mabishano yale ndiyo yaliyotufungulia mlango. Kila alipouliza "Nimekosa nini?" na mume akajibu "Hukukosa kitu", yeye alipumua, lakini mwili wake ulijifunza nini? Ulijifunza kwamba swali limemwokoa. Haukupata hata mara moja nafasi ya kuona kwamba bila swali pia hakuna ambacho kingetokea. Ni kama mtu anayepuliza filimbi kila usiku kufukuza tembo: tembo hawaji, na filimbi inasifiwa.

Akakubali kwa masharti. Siku tatu za kwanza swali lilimponyoka. Kuanzia ya nne akaweza.

Mwisho wa wiki mbili daftari lilikuwa na pumzi 14. Mama Pacha alikuwa na ruhusa ya kumuuliza mumewe kabla ya kulala, kwa utulivu, kila moja ilitokana na nini. Moja ilimhusu yeye kweli: alisahau kumpa ujumbe kutoka shule ya watoto, naye aliudhika, akasema, yakaisha. Mbili ni mgongo. Moja ni viatu vinavyobana. Kumi zilizobaki zilikuwa ngazi. Wanaishi ghorofa ya nne.

"Miaka kumi na moja," alisema, akijifunika uso kwa daftari. "Ngazi!"

Kicheko kile kilikuwa na kazi yake. Mwili hauguswi sana na hoja nzuri. Unaguswa unapokuwa umejiandaa kwa jambo moja na likatokea jingine, mbele ya macho yake, ukiwa bado umekaza. Mwanasaikolojia Mary Cover Jones alionyesha jambo la jirani na hilo mwaka 1924, alipomsogezea mtoto mdogo aliyeitwa Peter sungura aliyekuwa akimwogopa, hatua kwa hatua, mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, hadi akaweza kumshika. Peter hakuponywa kwa kuelezwa kwamba sungura hang'ati.

Nasi tulisogeza sungura wetu. Kikaoni nilimwambia kabla, "Sasa nitashusha pumzi," nikashusha. Kisha bila kumwambia. Kisha akashusha yeye mwenyewe, jambo lililomwia gumu kuliko yote. Kumbe alikuwa mtu asiyeshusha pumzi kamwe. Nyumbani, Baba Pacha alishusha akiwa amempa mgongo, halafu akiwa anamtazama, halafu wakati wowote apendao.

Huyu baba anastahili aya yake. Aliposikia habari yote alinyamaza, kisha akasema ataacha kushusha pumzi. Alimaanisha. Siku mbili alipanda ghorofa nne na kuingia ndani amebana hewa kama mzamiaji. Nilimkataza. Nyumba ambamo mmoja anatembea kwa kunyata ili mwingine asishtuke ni nyumba inayomthibitishia yule mwingine kwamba kweli kuna la kuogopa. Nilimwomba badala yake ataje chanzo, kwa neno moja tu, akishashusha: "Ngazi." Au "mgongo." Au, kama ni hivyo, "Nina neno nawe, baadaye." Baada ya mwezi mmoja nikawaambia waipunguze hata hiyo, maana nayo ilikuwa imeanza kuwa filimbi.

Je, kumbukumbu ya kale inafutika? Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya woga ikiamshwa hulegea kwa muda, na inahitaji kuimarishwa upya ndipo idumu; wakizuia uimarishaji huo kwenye amigdala, panya haogopi tena. Habari hiyo iliwapa watu matumaini makubwa, na ziko tiba zinazouzwa leo kwa ahadi ya kuufuta woga moja kwa moja. Kwa binadamu matokeo yamegongana. Maabara nyingine zilijaribu kurudia zisipate. Mimi huwaambia watu wategemee kile kilichothibitika tangu enzi za Pavlov, ambaye aliona mbwa waliokwisha kuacha kudondokwa na mate kwa mlio wakianza tena baada ya kupumzishwa kidogo. La zamani linabaki. Tunachoweza ni kuweka jipya kando yake, na kulitilia nguvu hadi liwe ndilo linalotangulia kujibu. Lile jipya lina udhaifu wake: linashikamana na mahali lilipojifunzwa.

Mwezi wa nne Mama Pacha alikwenda kumwona mama yake. Mzee aliketi kwenye kiti kile kile, akashusha pumzi. Alinipigia simu kesho yake akisema tumepoteza muda, yote yamerudi: tumbo, mikono, na swali lenyewe lilimtoka, kwa sauti ya kitoto, mbele ya wanawe.

Sikumbishia. Nilimwomba tu alisome daftari kwa mpangilio wa muda. Zamani mshtuko mmoja ulikula jioni nzima na kiporo chake kikabaki asubuhi. Huu wa kwa mama yake aliuandika mwenyewe: dakika 25. Na kulikuwa na mstari mwingine chini yake ambao hakuutaja kwenye simu. Baada ya swali kumtoka, mama yake alimtazama kwa mshangao akasema, "Wewe? Wewe umekosa nini, mwanangu? Magoti haya." Tulikaa juu ya mstari ule kikao kizima. Mama Pacha alitaka kujua kama miaka yote ile ilikuwa magoti, au jambo kama magoti, au kama kweli kulikuwa na hasira. Sidhani kama atapata kujua, wala sikumpa jibu la kumliwaza. Alikwenda tena baada ya wiki tatu, na tena, makusudi, kukaa karibu na kile kiti.

Kikao cha mwisho walikuja wote wawili. Niliuliza habari za televisheni. Baba Pacha ndiye aliyejibu: wiki iliyopita alifika, akavua viatu, akashusha pumzi, na yule mtoto wa rimoti, bila kugeuza macho kutoka kwenye katuni, akasema, "Ngazi."

Nikamuuliza Mama Pacha kama kuna lililobaki ambalo angependa tulifanyie kazi. Alifikiri. Milango ya basi, alisema, bado inampandisha mabega kila siku ya Mungu.

"Tuanze nayo?"

"Hiyo iache tu, dada," alisema akichukua mkoba wake. "Mlango ukifunguka mimi nashuka, naenda zangu."